Simu Mezani: Siri, Faragha na Uaminifu wa Wenzi katika Vichekesho vya Televisheni

Utangulizi

Kazi ya kichekesho si kuchekesha tu. Wahakiki wamekwisha kulisema jambo hili mara nyingi, na walimu wa fasihi hulirudia kila mwaka mbele ya wanafunzi wao. Lakini ni mara chache tunapouliza kicheko kinatoka wapi, kinamwangukia nani, na kikishatulia kinaacha nini katika fikra za mtazamaji. Makala haya yanakusudia kuuliza maswali hayo kuhusu tukio moja ambalo limekuwa la kawaida mno katika michezo ya kuchekesha inayotazamwa hapa Kigali: mume au mke anaichukua simu ya mwenzake bila ya ruhusa, anaifungua, anasoma yaliyomo, na nyumba inawaka moto.

Televisheni ya taifa ilianza nchini Rwanda mwaka 1992, na simu za mkononi zikaingia mwaka 1998. Mwaka 2010 simu hiyo hiyo ikawa mkoba wa fedha, watu walipoanza kutumiana pesa kwa MoMo. Leo, basi, mtu anaposhika simu ya mwenzake ameshika kwa pamoja barua zake, picha zake, pochi yake, na mazungumzo yake na mama yake mzazi. Hapana kifaa kingine kilichowahi kukusanya mambo mengi ya mtu mahali padogo kiasi hicho. Si ajabu kwamba watunzi wa vichekesho wamekikimbilia.

Mtazamaji wa Kigali anavyo vya kuchagua. Seburikoko, mchezo ulioanza kuonyeshwa na televisheni ya taifa mwaka 2015, ulimfanya Niyitegeka Gratien kuwa mtu wa kila sebule. Mwaka 2018 msanii huyo akaanzisha Papa Sava, mchezo unaotazamwa kwa YouTube, mara nyingi katika simu yenyewe. Katika Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimesemwa tangu zama za ukoloni, wako pia wanaofuatilia michezo ya Kenya na Tanzania. Hoja yangu haihusu mchezo mmoja peke yake. Inahusu tukio linalozunguka kutoka mchezo hadi mchezo, kama ngano inavyozunguka kutoka kijiji hadi kijiji.

Muundo wa tukio

Tukio la simu lina hatua tatu ambazo mtazamaji mzoefu anaweza kuzitabiri. Ya kwanza ni dalili. Simu imelazwa kifudifudi, mwenye simu anakwenda nayo bafuni, mlio umezimwa, jina linalotokea kwenye kioo ni “Fundi Bomba”, na fundi huyo anapiga saa nne za usiku. Ya pili ni upekuzi. Mwenzi ananyata, anakisia neno la siri, anajaribu mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, anafaulu. Ya tatu ni hukumu. Ujumbe unasomwa kwa sauti, mara nyingi mbele ya mashahidi: jirani aliyekuja kuazima chumvi, shemeji, mtumishi wa nyumbani. Mwenye simu anababaika, anatunga uwongo ambao hata mtoto hawezi kuuamini, na watu wanacheka.

Kwa upande wa fani, hapana shaka kwamba muundo huu una nguvu. Mtazamaji anajua asilolijua mhusika, na kujua huko ndiko kunakomfanya acheke kabla ya neno kusemwa. Aidha, simu ni kifaa kizuri cha jukwaani. Ni kidogo, kinafichika, kinaweza kulia chenyewe wakati mbaya kabisa. Mtunzi wa zamani alihitaji mjumbe aingie na barua; mtunzi wa leo anahitaji mlio tu.

Udhaifu umo katika hatua ya tatu. Katika michezo mingi simu imefanywa shahidi asiyesema uwongo, na muda si muda shahidi huyo amekuwa hakimu. Likisomwa neno, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza kama neno limesomwa vizuri, kama limekatwa kutoka mazungumzo marefu, au kama msomaji alikuwa na haki ya kulisoma. Ukilinganisha na Seburikoko utaona tofauti. Pale kicheko hutokana na tabia: tamaa ya mtu apendaye mali ya bure, na akili ya mkewe Siperansiya anayezijua hila zake. Ndivyo ilivyokuwa pia katika Vitimbi vya Kenya, ambamo Mzee Ojwang’ na Mama Kayai walitunga na kutunguana kwa ulimi kwa miaka mingi. Mtu alinaswa na maneno yake mwenyewe. Sasa, katika tukio la simu, mtu ananaswa na kioo, na mtunzi amepunguziwa kazi ya kumjenga mhusika. Mtunzi mvivu hushukuru. Mtazamaji makini hupungukiwa.

Siri na faragha

Hapa inatupasa kutulia kidogo juu ya maneno, kwani kosa la kimaudhui katika michezo hii limetokana na kuchanganya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha vizuri.

Siri ni jambo linalofichwa ili mwingine asilijue. Faragha ni nafasi. Asili yake katika Kiarabu ni utupu, nafasi iliyo wazi, wakati usio na shughuli. Na katika Kiswahili mtu “huenda faragha” au “huzungumza faragha” bila ya kuwa na jambo lolote baya. Wazee wanaozungumza faragha kuhusu mahari hawafichi dhambi. Wanalipa jambo hilo heshima yake. Karibu na neno hili liko jingine, stara, yaani kifuniko. Mtu anayejifunga nguo anajisitiri, na hakuna anayemwuliza anaficha nini.

Liko pia neno la tatu, kupekua. Kuku hupekua ardhi kwa makucha akitafuta punje, na anapomaliza ameacha uwanja umechafuka. Aliyekuwa wa kwanza kulitumia neno hili kwa mtu anayefukua mizigo ya mwenziwe alikuwa na jicho kali.

Katika Kinyarwanda neno ibanga hubeba siri, na siri za nyumba hutajwa kuwa amana ya walio ndani yake. Liko pia neno bwite, kwa maana ya kitu kilicho cha mtu mwenyewe. Mwanafunzi wa Kigali anayejifunza Kiswahili, basi, hafiki darasani mikono mitupu. Anayo tayari mawazo hayo mawili. Anachohitaji ni kuyapa majina.

Sheria nayo imeyatenganisha. Ibara ya 23 ya Katiba ya Rwanda inalinda maisha ya mtu binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, iliyoandikwa kwa Kiswahili, inataja hifadhi ya nafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake ya binafsi. Tazama jinsi neno “unyumba” lilivyowekwa jirani na mawasiliano. Waandishi wa ibara ile hawakudhani kwamba ndoa inayafuta mawasiliano ya mtu binafsi. Waliviweka viwili hivyo chini ya paa moja.

Kichekesho cha simu kinafanya kinyume. Kinachukulia kwamba kila faragha ni siri, na kila siri ni usaliti. Mwenye neno la siri katika simu yake ana hatia kabla ya kioo kufunguka. Hiyo ndiyo falsafa iliyojificha nyuma ya kicheko, na ndiyo ninayoipinga.

Upekuzi katika fasihi: mifano mitatu

Upekuzi wa mawasiliano haukuzaliwa na simu. Msomaji wa riwaya ya Kiswahili anakumbuka jinsi Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inavyomwonyesha Zakaria akiipata barua ambayo binti yake Rosa ameandikiwa na mvulana, na kumpiga kipigo kikali. Zakaria anadhani amelinda heshima ya nyumba. Riwaya nzima baadaye ni jibu kwa dhana hiyo. Binti aliyelindwa kwa fimbo, asiyeaminiwa na asiyefundishwa kujilinda, anaondoka nyumbani bila ya silaha yoyote ya ndani, na mwisho wake tunaujua. Kezilahabi hakuandika kichekesho, lakini alitupa kanuni inayowafaa watunzi wa vichekesho: mpekuzi naye ni mhusika, na kitendo chake kina matokeo yake. Hawezi kuwa mkono tu unaofungua barua kisha ukatoweka katika hadithi.

Mfano wa pili ni wa kichekesho halisi. Mwaka 2012, katika tamasha la ukumbi wa Globe jijini London ambapo tamthilia za Shakespeare ziliigizwa kwa lugha nyingi za dunia, Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor. Joshua Ogutu aliitafsiri kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa, na Mrisho Mpoto wa Tanzania akaigiza nafasi ya Falstaff. Hapo kuna mawasiliano ya siri, wivu na upekuzi, yote pamoja. Falstaff anawaandikia wanawake wawili walioolewa barua zinazofanana neno kwa neno. Wanawake hao hawapekuliwi. Wao wenyewe wanaonyeshana barua, wanacheka, na wanapanga kumwadhibu. Bwana Ford, aliyejaa wivu, anavamia nyumba yake mwenyewe akiwa na majirani, anafukua, anapindua kapu la nguo chafu, na hapati kitu. Mwenzake, Bwana Page, anamwamini mkewe na analala usingizi.

Mafunzo ya kifani ni mawili. Kwanza, kicheko kimegawanywa kwa haki: mlaghai anatupwa mtoni, lakini mpekuzi naye anachekwa, na mwishowe anamwomba mkewe msamaha. Pili, kapu halisemi. Ford analipekua kwa uhakika kamili, nalo linamwumbua yeye. Badala ya kapu weka simu, na utapata mchezo ambao watunzi wetu wangeweza kuuandika kesho: mwenzi anayefungua simu kwa kishindo mbele ya majirani, asikute humo ila orodha ya madeni na ujumbe wa fundi bomba ambaye kwa kweli ni fundi bomba.

Mfano wa tatu unatoka Italia, nao ni wa filamu. Perfetti sconosciuti ya Paolo Genovese, ya mwaka 2016, inawaweka marafiki saba kwenye chakula cha usiku. Mama mwenye nyumba anapendekeza mchezo: kila simu iwekwe mezani, na kila ujumbe usomwe mbele ya wote. Filamu hiyo imeigwa katika nchi nyingi; kufikia mwaka 2019 ilikuwa imetengenezwa upya mara 18, na mwaka 2022 toleo la Kiarabu lilizusha mabishano makali nchini Misri. Sababu ya kuenea kwake si usaliti uliofichuliwa, kwani huo tumeuzoea. Sababu ni kwamba simu zile zinatoa pia mambo mengine. Mwanamume mmoja amebadilishana simu na rafiki yake, basi anahukumiwa kwa ujumbe usio wake. Mwingine anapigiwa simu na binti yake anayetaka ushauri juu ya jambo ambalo mtoto humwuliza mzazi anayemwamini tu, na baba anamjibu kwa upole huku meza nzima ikisikiliza. Hapo hakuna aliyetenda kosa. Hata hivyo mtazamaji anaona haya, kwa kuwa kitu kilichokuwa cha watu wawili kimemwagwa mezani. Hiyo ndiyo faragha, imeonyeshwa bila ya kuhubiriwa.

Kicheko humwangukia nani?

Sasa turudi Kigali, kwani kicheko cha hapa kina uzito wake. Kanuni ya adhabu ya Rwanda ya mwaka 2018 iliweka kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 2 kwa kosa la uzinzi, kwa mashtaka ya mwenzi aliyekosewa. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ilifuta kifungu kilichokataza vibonzo na maandishi ya kuwadhalilisha maofisa wa umma, lakini ikaliacha kosa la uzinzi lisimame. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandao iliharamisha kuingia katika data za kompyuta za mtu bila ya idhini. Msomaji aone mahali ambapo wenzi hao wawili wamesimama: mwenye simu anaweza kuwa na kosa, na mpekuzi anaweza kuwa na kosa. Kichekesho kinachomwona mmoja tu kimesoma nusu ya ukurasa.

Lakini nyumba nyingi hazifiki mahakamani. Zinafika kwa wazazi, kwa majirani, au katika mkutano wa jioni wa familia unaofanywa vijijini na mitaani, Umugoroba w’Umuryango. Huko ndiko maneno yaliyosikiwa katika televisheni yanakorudiwa kama ushauri. Iko kauli moja ya Kinyarwanda ambayo wanawake wengi wameambiwa: Niko zubakwa, yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Maana yake ni kwamba vumilia. Waswahili nao wanao usemi wao: ukimchunguza sana bata, hutamla. Semi hizi mbili ni ndugu. Zina hekima, kwa kuwa hakuna ndoa iliyosimama kwa upelelezi. Zina hatari pia, kwa kuwa zimewanyamazisha wengi waliokuwa na sababu ya kuuliza.

Simu ilipoingia, mke aliyekuwa akiambiwa avumilie alipata kwa mara ya kwanza ushahidi wa kuweka mezani. Ndiyo maana watazamaji wa kike wanapomwona mke wa mchezoni akisoma ujumbe kwa sauti hushangilia, nami sioni sababu ya kuwalaumu. Kushangilia kwao ni kilio cha watu ambao maswali yao hayakujibiwa. Lakini tutazame upande wa pili wa tukio lile lile. Mume anapoipekua simu ya mke, mara nyingi mchezo haumchukui kuwa mpekuzi. Unamchukua kuwa mwenye nyumba anayekagua mali yake. Mke akiweka neno la siri, huyo ana mambo. Mume akiliweka, huyo ana shughuli. Kifaa kilichoonekana kumkomboa mke kinakuwa kamba mpya mkononi mwa mume mwenye wivu, mume wa aina ya Zakaria, ambaye hakungoja maelezo kabla ya kuinua mkono. Katika nyumba kama hiyo kuufungua ujumbe si mzaha. Mtunzi anayetuchekesha hapo bila ya kutuonyesha hofu ya anayepekuliwa amefumba jicho moja.

Je, dawa ni kuacha kuandika matukio ya simu? La hasha. Kinachotakiwa ni kuyaandika vizuri zaidi. Wanyarwanda husema: Nta zibana zidakomanya amahembe, yaani hakuna ng’ombe wakaao pamoja wasiogonganisha pembe. Waswahili husema vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Kugongana ndiko chakula cha futuhi. Lakini mgongano wa pembe unahitaji ng’ombe wawili, na mtunzi anapaswa kutuonyesha wote wawili: anayeficha na kwa nini anaficha, anayefukua na kwa nini hakuweza kuuliza. Swali lililoshindikana kuulizwa lina kichekesho kikubwa kuliko neno la siri lililokisiwa. Mume na mke wanaozunguka meza, kila mmoja akitamani kusema “Nionyeshe” na akiogopa kuambiwa “Na wewe nionyeshe”, wanatosha kwa mchezo wa nusu saa.

Matumizi darasani

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, walimu wamekuwa wakitafuta mada za kuzungumzwa ambazo vijana hawazioni kuwa za kuazimwa. Mada hii inafaa. Mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi waandike tukio lile lile mara mbili: kwanza simu iseme kweli, kisha simu ieleweke vibaya. Wakilinganisha matoleo yao wataona wenyewe jinsi kicheko kinavyohama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, nao watakuwa wamejifunza kejeli bila ya kukariri maana yake. Katika somo la msamiati watenganishe siri, faragha, stara, amana, uaminifu na imani. Uaminifu ni sifa ya anayeaminiwa. Imani ni kitendo cha anayeamini. Michezo mingi hudai uaminifu kwa mmoja na kusahau kwamba imani ni kazi ya mwingine.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba tukio la simu katika vichekesho vyetu lina fani nyepesi na dhamira nzito, na kwamba udhaifu wake ni kuifanya simu hakimu. Kichekesho bora humcheka mlaghai, humcheka na mpekuzi, kisha hutuachia swali la jinsi watu wawili wanavyoweza kukaa nyumba moja, kila mmoja akiwa na faragha yake, bila ya nyumba hiyo kuwa na siri inayoua. Swali hilo halijibiwi kwa neno la siri, wala kwa kulifichua. Watunzi wa Kigali wanao waigizaji hodari na watazamaji wanaopenda kucheka. Watupe mchezo ambao ndani yake simu italia mezani, wote wawili wataitazama, na hakuna atakayeinyakua. Tutajua hapo wahusika hao ni watu wa namna gani, na tutacheka kwa sababu tunawajua.